Shajara ya mradi: Gare d'Orsay kwa kipimo cha 1:200

Hali ya sasa: msingi umekauka, njia za reli zimelazwa, dari la tao la ukumbi mkuu limesimama, ukuta wa upande wa mto unasubiri rangi ya pili. Hoteli bado ni kasha tupu.

Kinachojengwa ni mfano wa mkato wa stesheni ya zamani ya mwisho wa reli katikati ya Paris, ile ambayo leo ni makumbusho ya Musée d'Orsay. Upande wa kusini umeachwa wazi ili mtazamaji aone ndani. Katika ukumbi mkuu zinapishana trei mbili: ya 1900 yenye reli na majukwaa, na ya 1986 yenye sanamu. Kila hatua imeandikwa pamoja na historia iliyoiamua, kwa sababu katika jengo hili ukikata kadibodi kabla ya kujua kwa nini kitu kimewekwa kilipo, utakata mara mbili. Na ukifuatilia sababu hizo moja moja, nyingi zinaishia pamoja: umeme ndio ulioizaa stesheni hii, na umeme huohuo ndio uliokuja kuinyang'anya treni zake.

Hatua ya 1: kiwanja, vipimo, msingi

Stesheni iko ukingo wa kushoto wa mto Seine, ng'ambo ya bustani ya Tuileries. Mahali hapo palikuwa na Palais d'Orsay, makao ya Cour des Comptes, chombo cha kukagua hesabu za dola. Kasri hilo lilichomwa Mei 1871, siku za mwisho za Komuni ya Paris, uasi wa wananchi uliotwaa jiji, na magofu yake yakabaki yamesimama karibu miaka 30 mbele ya macho ya jiji zima. Wakati huohuo kampuni ya reli ya Paris-Orléans ilikuwa na shida ya mahali: kituo chake cha mwisho, Austerlitz, kilikuwa mbali na katikati ya jiji, na abiria wa kutoka Bordeaux, Nantes au Toulouse alishuka huko kisha akaanza kutafuta usafiri mwingine. Maonyesho ya Dunia ya 1900 yalipokaribia, kampuni ikapata kiwanja cha magofu na ikaivuta njia yake kutoka Austerlitz kando ya mto, sehemu kubwa ikipita chini ya ardhi.

Kipimo cha 1:200 kimechaguliwa kwa sababu moja rahisi: kila mita inakuwa milimita 5, hesabu inafanyika kichwani. Kishawishi kilikuwa kutumia 1:220, kwa kuwa reli ndogo za kipimo hicho zinauzwa tayari. Lakini jengo la mita 188 linakuwa milimita 854 na nusu, na kila kipande baada ya hapo kinakuja na desimali. Vipimo tunavyotumia:

Jengo zima, mita 188 kwa 75: milimita 940 kwa 375.
Ukumbi mkuu, urefu mita 138, upana 40, kimo 32: milimita 690, 200 na 160.
Upana wa njia ya reli, milimita 1,435: milimita 7.2.
Mtu wa mita 1.70: milimita 8.5.
Vioo vyote vya jengo, mita za mraba 35,000: mita ya mraba 0.875.

Hilo la vioo linahitaji uangalifu. Eneo haligawanywi kwa 200 bali kwa 200 mara 200, yaani 40,000. Aliyegawanya kwa 200 ataagiza plastiki ya kufunika nyumba. Mita ya mraba 0.875 ni karatasi 14 za A4 za plastiki ya uwazi; nunua 20, maana vipande vyembamba vya madirisha vinaacha mabaki mengi.

Msingi ni plaiwudi ya milimita 12, ukubwa wa milimita 1,100 kwa 500, ikiwa na mbao za inchi 2 kwa 1 zilizopigwa skrubu chini: mbili kwa urefu, tatu kwa upana. Plaiwudi ya milimita 6 haifai. Ikipakwa gundi nyeupe upande wa juu tu, inavuta unyevu, inakauka kwa kukunjamana, na baada ya siku mbili katikati pameinuka. Reli zilizonyooka zikilazwa juu yake zinaonekana kama nyoka. Hata kwenye plaiwudi nene, paka rangi ya msingi pande zote mbili kabla ya kubandika chochote.

Hatua ya 2: njia za reli

Hapa ndipo kosa la kwanza kubwa lilipotokea, na lilitokana na kutazama picha bila kupiga hesabu. Stesheni ilikuwa na njia 16 chini ya ardhi. Katika mchoro wa kwanza zote 16 zilipangwa ndani ya upana wa ukumbi mkuu. Haziingii. Behewa lina upana wa karibu mita 3, kwa hiyo njia 16 zikibananishwa bila hata jukwaa moja zinataka mita 48, na ukumbi una mita 40. Kwenye mfano ni milimita 240 dhidi ya 200. Njia nyingine zilitambaa chini ya sehemu za pembeni za jengo, upande wa mto. Ndiyo maana ukuta mzito wa mawe unaouona kutoka nje haukukaa juu ya ardhi tupu. Ulibebwa na chuma juu ya vichwa vya abiria.

Marekebisho: trei inayochomolewa ina upana wa ukumbi tu, milimita 198 (2 zimepunguzwa ili isikwame). Njia za upande wa mto zimebandikwa moja kwa moja kwenye msingi na hazichomolewi. Mpango huu unalingana pia na ukweli wa leo, kwa sababu upande huohuo ndio treni za mjini za RER C zinakopita hadi sasa.

Mataruma ni vipande vya kadi ya milimita 0.5, vilivyokatwa milimita 13 kwa 1.2. Reli ni waya wa shaba ulionyooshwa kwa kuvutwa kwa koleo ncha zote mbili. Kisha inakuja reli ya tatu, nayo haiwezi kuachwa, kwa kuwa bila hiyo stesheni hii isingekuwepo. Injini ya mvuke katika handaki refu na chini ya dari la ukumbi ingewafukiza abiria, hoteli na mtaa mzima. Kampuni ikaamua: treni ije na mvuke hadi Austerlitz, injini ya makaa ifunguliwe, ifungwe ya umeme, ndipo iingie Orsay. Umeme wa takriban volti 600 ulipita katika reli ya pembeni, na injini ikauchota kwa kiatu cha chuma. Kwenye mfano ni waya wa milimita 0.4 ulioinuliwa milimita 1 juu ya mataruma. Ukate kila njia zinapopishana. Ukiupitisha bila kuukata unaziba njia ya magurudumu ya treni inayovuka, na mtu yeyote anayejua reli ataliona kosa hilo kabla ya kitu kingine.

Baada ya moshi kuondolewa, mengine yote yalifuata. Ukumbi ungeweza kufunikwa kabisa, kupambwa, kuwekewa hoteli ya vyumba 370 ubavuni, lifti za abiria, miteremko na lifti za mizigo. Alexander Cassatt, rais wa Pennsylvania Railroad, aliiona Orsay mwaka 1901, na kutokana na alichokiona akapata njia ya kuingiza treni za umeme Manhattan kwa handaki chini ya mto. Pennsylvania Station ya New York ilifunguliwa 1910. Dada yake alikuwa mchoraji Mary Cassatt, na kazi zake leo zinatunzwa katika jengo hilohilo ambalo kaka yake alilikagua kwa sababu ya reli. Ni jambo linalostahili kibao kidogo kwenye meza ya maonyesho, nacho kimeshaandikwa.

Kuchimba kando ya mto kulikuwa na gharama yake. Januari 1910 Seine ilifurika hadi mita 8.62 kwenye kipimo cha daraja la Austerlitz, na stesheni ikajaa maji. Picha za wakati huo zinaonyesha ukumbi umegeuka bwawa, majukwaa yamezama. Kwa trei ya 1900 imetengenezwa bamba ya ziada ya plastiki ya uwazi yenye rangi ya kahawia hafifu, inayolazwa juu ya njia za reli kuonyesha mafuriko hayo. Hatari haijaondoka: Juni 2016 makumbusho yalifungwa kwa muda ili kazi za sanaa za sehemu za chini zihamishwe maji yalipopanda.

Hatua ya 3: dari la tao

Hii ndiyo sehemu iliyokula muda mwingi kuliko zote. Ukichukua tao kuwa nusu duara, upana wa milimita 200 unatoa nusu kipenyo cha 100, na upinde wa milimita 314. Kimo chote ni 160, kwa hiyo kuta zilizonyooka chini ya tao zina milimita 60. Kinachohitajika ni ganda la milimita 690 kwa 314, likiwa na madirisha.

Mifupa ya ndani: mbavu 13 za plaiwudi ya milimita 3, kila moja umbali wa milimita 57.5 kutoka katikati hadi katikati. Idadi hii ni ya kushikilia umbo la mfano tu. Mbavu halisi za Laloux, msanifu wa stesheni, zimechorwa juu ya ganda.

Kadibodi ya milimita 1 ina mwelekeo wa nyuzi. Jaribu kukunja kipande kidogo pande zote mbili: upande mmoja utakunjika kwa utulivu, mwingine utavunjika kwa mistari. Nyuzi ziende sambamba na urefu wa ukumbi. Ganda la kwanza lilikatwa nyuzi zikipita kinyume, likapasuka sehemu tatu kwenye utosi wa tao. La pili lililowanishwa kwa sponji na kuzungushiwa bomba la plastiki la inchi 8, kipenyo kinacholingana kabisa na mfano, na lilipokauka likafunguka likawa pana kuliko mbavu. Kadi siku zote hurudi nyuma kidogo. Bomba la inchi 6 ndilo lililofaa: ganda linatoka limebana zaidi ya inavyotakiwa, na mbavu zinalifungua hadi umbo lake. Liache likiwa limefungwa kwa kitambaa saa 24. Pwani, msimu wa mvua, saa 48.

Plastiki ya madirisha isibandikwe kwa supaglu. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya plastiki, na ukungu huo haufutiki. Gundi nyeupe ya mbao, kiasi kidogo kwa ncha ya kijiti, inatosha na inakauka bila kuonekana.

Ndani ya tao pamebandikwa karatasi iliyochapwa vijisanduku vyenye maua katikati, kama dari halisi lilivyo. Pambo hilo lilikuwa kazi ya makusudi: jengo lina tani 12,000 za chuma, wakati mnara wa Eiffel una tani 7,300 hivi, lakini msafiri wa 1900 alitakiwa asikione chuma kile.

Hatua ya 4: ukuta wa mto

Kampuni ilishauriana na wasanifu watatu: Lucien Magne, Émile Bénard na Victor Laloux. Laloux akachaguliwa 1898, akiwa ametoka kusanifu stesheni ya Tours. Masharti yalikuwa mazito, kwa kuwa jirani ni Louvre, na jiji lisingekubali banda la chuma mbele yake. Akavisha chuma mawe. Jengo likasimama katika muda wa miaka miwili hivi. Utaona tarehe mbili za ufunguzi zikitajwa, 28 Mei na 14 Julai 1900. Kwenye kibao cha mfano umeandikwa mwaka tu.

Ukuta una matao saba makubwa, mabanda mawili yenye saa kubwa, na juu kabisa sanamu tatu za miji: Bordeaux iliyochongwa na Hugues, Toulouse na Marqueste na Nantes na Injalbert. Sanamu hizo ni ramani ya safari. Zilimwambia abiria treni zinakwenda wapi kabla hajasoma ubao. Kwenye mfano wetu, ukuta ni tabaka tatu za kadi ya milimita 1.5: la nyuma zima, la kati lenye matao, la mbele lenye nguzo na mapambo. Kata matao yote saba kwa kiolezo kimoja cha bati, kisu kipya kila baada ya matao mawili. Kisu butu hakikati kona ya tao, kinaivuta, na nyuzi zinazotokeza zinaonekana vibaya zaidi baada ya rangi. Sanamu ni udongo wa kukaushwa hewani juu ya pini. Katika kimo cha milimita 20 usijaribu sura; mkao wa mwili tu.

Mwaka uleule wa 1900 mchoraji Édouard Detaille aliandika kwamba stesheni ile ni nzuri ajabu na inafanana na kasri la sanaa, huku kasri la sanaa lenyewe likifanana na stesheni, akapendekeza Laloux abadilishane majengo hayo kama muda bado upo. Ilichukua miaka 86 pendekezo lake kutimia.

Hatua ya 5: jaribio la treni ndefu

Jaribio hili linafanywa mbele ya wageni, na linaeleza kilichotokea 1939 vizuri zaidi kuliko aya yoyote. Kampuni iliondoka kwenye reli ya tatu. 1926 waya wa juu wa volti 1,500 ulifika mji wa Vierzon, na mwishoni mwa 1938 ulifika Bordeaux. Injini ya umeme sasa ilivuta kutoka Paris moja kwa moja, na ilivuta mabehewa mengi zaidi. Kata kipande cha mbao cha injini ya mita 18: milimita 90. Kata mabehewa kumi ya mita 23: kila moja milimita 115. Yapange. Yanafika milimita 1,240. Jengo zima lina 940. Mkia wa treni unabaki nje kwa milimita 300, sawa na mita 60.

Ukiuliza kwa nini wasirefushe, tazama ramani. Kaskazini ni mto. Kusini ni mtaa wa rue de Lille na hoteli. Magharibi, mwisho wa reli, jengo linakaribiana na kasri la Palais de la Légion d'honneur. Mashariki ni handaki treni zinamoingilia, chini ya barabara ya ukingoni. Kile kile kilichofanya stesheni iwe katikati kabisa ya jiji kiliizuia kukua. Kuanzia 1939 treni za masafa marefu zikarudi Austerlitz, Orsay ikabaki na treni za vitongojini. Ilihudumu miaka 39 tu.

Miaka iliyofuata haina trei yake katika mfano, ila kibao. Wakati wa vita, vifurushi vya wafungwa wa kivita vilipitia hapo, na 1945 wafungwa waliokombolewa wakapokelewa hapo. Tarehe 19 Mei 1958 Charles de Gaulle, kiongozi wa zamani wa Ufaransa, alizungumza na waandishi wa habari katika ukumbi wa hoteli akitangaza kuwa tayari kurudi madarakani. Hoteli ilifunga 1 Januari 1973.

Hatua ya 6: trei ya 1986

Jengo lilikaribia kubomolewa ili hoteli mpya ijengwe. Kilicholiokoa ni hasara ya jirani: mabanda ya soko la Les Halles yalibomolewa 1971, na watu wakashtuka kuona chuma cha karne ya 19 kikiondoka bila kurudi. Waziri wa utamaduni Jacques Duhamel alipinga hoteli mpya. Machi 1973 stesheni iliingizwa katika orodha ya nyongeza ya majengo ya kihistoria, Oktoba 1977 serikali ya rais Valéry Giscard d'Estaing ikaamua iwe makumbusho, na Machi 1978 ikapewa ulinzi kamili. Kundi la ACT, yaani Renaud Bardon, Pierre Colboc na Jean-Paul Philippon, lilishinda shindano la usanifu 1979. Mapambo ya ndani yakapewa Gae Aulenti, Mtaliano. Rais François Mitterrand aliyazindua makumbusho 1 Desemba 1986, na milango ikafunguliwa kwa umma tarehe 9.

Trei hii ni rahisi kutengeneza kuliko ya 1900, lakini kuna jambo linalopotosha. Usiujaze ukumbi hadi usawa wa barabara. Mgeni anayeingia leo kutoka magharibi anashuka ngazi, na njia ya kati ya sanamu imelala ndani ya shimo lililokuwa la treni, matuta ya mawe yakiwa pande zote mbili. Ukiinua sakafu, unapoteza kimo cha ukumbi na unafuta alama ya reli. Matuta ni kadi ya milimita 2 iliyopakwa rangi ya mchanga iliyochanganywa na unga laini wa msasa, ili ionekane kama mawe ya chokaa. Taa ni za LED nyeupe yenye umanjano, ukanda mmoja nyuma ya kila ukuta. Ukizielekeza juu moja kwa moja dari lote la tao linang'aa na mbavu hazionekani.

Kazi iliyobaki

Rangi ya pili ya ukuta wa mto. Mabanda ya saa. Madirisha ya hoteli upande wa rue de Lille. Lifti za mizigo mbili zaidi.

Na ukuta wa magharibi wa chini. Kwenye trei ya 1900 njia zote zinaishia hapo kwa vizuizi vya chuma, kama kituo chochote cha mwisho. Lakini 26 Septemba 1979 njia za upande wa mto ziliunganishwa kwa handaki na stesheni ya Invalides, iliyo karibu kilomita moja magharibi, na RER C ikaanza kupita bila kugeuka. Msingi wa upande huo haubadilishwi pamoja na trei, kwa hiyo umekatwa tundu la milimita 45 kwa 30 lenye kizibo cha mbao: kikiwepo ni 1900, kikitolewa treni inapita. Kizibo cha kwanza kilivimba kwa unyevu na kukwama. Cha pili kimepigwa msasa milimita moja kila upande na kupakwa nta, nacho kinatoka kwa vidole viwili.